Nikienda Mnemba peke yangu na boti ya kundi, nani atakuwa ananiangalia chini ya maji?

*"Mwalimu, habari za kazi. Nina miaka 34, naishi Dodoma. Nilipata cheti cha Open Water, kile cha kwanza cha uzamiaji, mwaka jana na mpaka sasa nimepiga mbizi 14 tu. Marafiki zangu hawana habari na bahari, kwa hiyo husafiri peke yangu na kujiunga na boti za makundi. Safari iliyopita, Mnemba kule Zanzibar, nilipangwa na mgeni mmoja kutoka Ulaya mwenye kamera kubwa. Tulipofika chini akashika njia yake. Tulikuwa mita 16 hivi. Nilianza na baa 200 za hewa kwenye mtungi, baada ya dakika 25 nimebaki na 60, yeye ana 130. Niliona aibu kumwambia kiongozi, maana niliogopa kundi zima lipande kwa ajili yangu. Nataka kurudi mwezi wa kumi na moja. Je, ni salama kwa mtu wa peke yake? Nikodi kiongozi wangu binafsi, au nisome ile kozi ya kupiga mbizi bila mwenza? Na wakinisahau baharini? Ratiba yangu ni mbizi mbili Jumamosi, mbili Jumapili asubuhi, boti ya alasiri kwenda Dar, kisha treni ya SGR usiku hadi Dodoma. Sipandi ndege, kwa hiyo hapo nadhani sina tatizo. La mwisho: utotoni nilikuwa na pumu, ila kwenye fomu yao niliandika 'hapana' wasije wakanikatalia."*

Dada yangu, ndiyo, mtu anaweza kusafiri peke yake, akapanda boti ambayo hamjui hata mmoja ndani yake, na akapiga mbizi salama. Wageni wengi wa Nungwi, Matemwe, Mafia na Watamu hufika hivyo hivyo. Kusafiri kwako peke yako hakukunitia wasiwasi. Yaliyonitia wasiwasi ni mambo matatu uliyoyataja kwa kupita: pumu uliyoificha, aibu iliyokufunga mdomo ukiwa na baa 60, na hiyo treni. Naanza na pumu, uliyoiweka mwisho, kwa sababu hilo halisubiri mwezi wa kumi na moja.

Ukiwa mita 10 chini, mgandamizo unaokuzunguka ni mara mbili ya ule wa juu ya maji. Regyuleta, kile kifaa cha kinywani, hukupa hewa yenye mgandamizo uleule, la sivyo kifua chako kisingeweza kuivuta. Maana yake, mapafu yaliyojaa mita 10 yana hewa ambayo ikifika juu ingejaza mapafu ya watu wawili. Unapopanda, hewa hiyo hutanuka na ni lazima itoke. Ndiyo sababu ulifundishwa siku ya kwanza kwamba usizuie pumzi hata mara moja. Sasa, pumu hubana vijia vidogo vya hewa. Hewa ikinaswa nyuma ya kijia kilichobanwa, itatanuka palepale hata kama wewe unatoa pumzi vizuri kabisa kwa mdomo. Pafu linaweza kuchanika, na viputo vikaingia kwenye damu mpaka kwenye ubongo. Wala si lazima uwe umetoka kina kirefu. Mita moja au mbili za mwisho zinatosha, kwa kuwa karibu na juu ndipo hewa hutanuka kwa kasi kubwa zaidi. Ongeza kwamba hewa ya mtungi ni kavu na ya baridi, na kwamba kupambana na mkondo ni mazoezi mazito. Yote mawili huamsha pumu iliyolala.

Sisemi usipige mbizi tena. Wapo watu wengi waliokuwa na pumu utotoni, ikaisha, na leo wanazamia kwa ruhusa ya daktari. Lakini kwako ruhusa hiyo haipo, na mimi siwezi kukupa kwa maandishi. Nenda hospitali kubwa hapo Dodoma, mweleze daktari umri uliokuwa nao ulipobanwa mara ya mwisho, kama unatumia dawa yoyote, kama vumbi, baridi au kukimbia hukufanya ukohoe. Omba upimwe nguvu ya mapafu kwa kipimo cha kupuliza, na umuulize kama urudie kipimo hicho baada ya mazoezi. Mwambie wazi kwamba ni kwa ajili ya kupiga mbizi, maana swali hilo ni tofauti na "naweza kufanya kazi ofisini?" Majibu yakiwa mazuri, atakusainia fomu na utaandika "ndiyo" bila hofu. Yakiwa mabaya, utakuwa umeepuka jambo ambalo hakuna mwenza wala kiongozi angeweza kukuokoa nalo. Usilipe amana ya boti kabla ya hapo.

Sasa tuje kwenye mwenza. Wapo wanaopanda boti ya kundi wakiamini kwamba kundi lenyewe ndilo ulinzi: watu wanane, kiongozi mmoja mwenye uzoefu, basi nani atadhurika? Elewa kazi ya kiongozi. Anaijua njia ya miamba, anausoma mkondo, anajua kasa hulala wapi, na kila baada ya muda anageuka kuhesabu vichwa. Akikutazama wewe, hawatazami wengine saba. Akiinama kumwonyesha mtu pweza, hamtazami yeyote. Sasa fikiria umevuta pumzi na hewa haikuja. Una sekunde chache za akili tulivu kabla hofu haijakushika. Katika sekunde hizo unaweza kumfikia mtu aliye mita mbili au tatu, na humfikii kiongozi aliye mita 12 mbele yako, amekupa mgongo. Kundi si mwenza. Mwenza ni mtu mmoja, mwenye jina, ambaye unaweza kumgusa kwa mapigo machache ya mapezi, na ambaye anajua kwamba kazi yake ni wewe.

Kwa hiyo kabla injini haijawashwa muulize kiongozi: mwenza wangu leo ni nani? Jibu la "mtakuwa wote pamoja" lisikutoshe. Akisema "utakuwa na mimi," muulize kama anamaanisha ubavuni kwake muda wote au nyuma ya msururu. Viongozi wazuri hawakereki na swali hili. Wengi hufurahi, kwa sababu mteja anayeuliza hivyo ndiye asiyewasumbua chini.

Ukishajua ni nani, kaa naye mkiwa bado njiani, kabla ya zogo la kuvaa vifaa. Mazungumzo haya ndiyo huamua mambo mengi kuliko yote yatakayofuata. Muulize alipiga mbizi lini mara ya mwisho, na hewa yake kwa kawaida hudumu kiasi gani. Mwambie yako bila kupunguza: "Mimi nina mbizi 14, hewa yangu huisha mapema, nikifika 100 nitakuonyesha, nikifika 80 tunaanza kupanda." Kubalianeni nani atakuwa upande gani wa mwenzake, na kila mmoja amwonyeshe mwingine kinywa chake cha akiba kilipo na vifungo vya jaketi la kuelea vinavyofunguka. Kubalianeni ishara za kuonyesha kiasi cha hewa kwa vidole, maana kila shule ina zake, na ukidhani 100 mwenzako akaelewa 50, mtachanganyana palepale mnapohitaji kuelewana. Mwisho, semeni mtafanya nini mkipotezana. Hayo yote hayazidi dakika tano.

Kuhusu kamera nitasema waziwazi, ingawa wapigapicha hawatanipenda. Mtu aliyeshika kamera kubwa hutazama kitu kimoja kidogo kwa muda mrefu, na anapomaliza hana habari dunia iko wapi. Anaweza kuwa mzamiaji hodari kuliko wote botini na bado akawa mwenza mbaya kwa mtu mwenye mbizi 14. Hukukosea kukasirika, ila hukupewa nafasi ya kuchagua, na safari ijayo uichukue. Sema hivi: "Naomba nipangwe na mtu asiye na kamera." Hakuna matusi ndani yake. Wakishindwa kukupangia, kiongozi awe mwenza wako kweli, au subiri boti ya kesho.

Hapo una faida ambayo wageni wengi hawana. Maelezo ya pamoja hutolewa kwa Kiingereza, tena kwa ufupi na kwa tabasamu la kumridhisha mteja. Lakini nahodha na mabaharia wanazungumza kwa Kiswahili, na yale wanayoambiana ndiyo hali halisi ya maji. Msogelee nahodha, msalimie inavyostahili, muulize maji yakoje leo, mkondo unakwenda wapi, ameyaona vipi jana. Yeye ndiye atakayekutafuta ukiibuka mbali, na mtu aliyezungumza nawe asubuhi anakukumbuka mchana.

Twende kwenye hewa, na hapa umenisaidia kwa kunipa namba. Mtungi wa alumini ulio kwenye boti nyingi za pwani yetu una ujazo wa lita 11 na kidogo. Kwa hiyo kila baa moja kwenye geji ni kama lita 11 za hewa. Ulitumia baa 140 kwa dakika 25, yaani lita 1,540, karibu lita 62 kila dakika. Mita 16 chini mgandamizo ni mara 2.6 ya ule wa juu, na kila pumzi hubeba hewa mara 2.6. Gawanya: juu ya maji ungekuwa unatumia lita 24 kwa dakika. Dada, hiyo ni hali ya kawaida ya mtu mwenye mbizi chache aliye na wasiwasi kidogo. Huyo mwenzako, kwa hesabu hiyohiyo, anatumia kama lita 12, na hicho ni kiwango cha mtu aliyezamia kwa miaka mingi na haharakishi kitu. Mlikuwa watu wawili wenye mbizi za urefu tofauti kabisa, mkapangwa kana kwamba mko sawa. Kosa lilikuwa kwenye mpango.

Hesabu inayoendelea ndiyo ninayotaka uishike zaidi. Tuseme mko mita 16 na mmoja wenu amekosa hewa ghafla, mnavuta mtungi mmoja. Kwa hofu, kila mmoja anavuta lita 30 kwa dakika badala ya kiwango chake cha kawaida. Mnahitaji dakika moja ya kushikana na kutulia, dakika moja na ushei ya kupanda kwa kasi isiyozidi mita 9 kwa dakika, dakika 3 za kusimama mita 5, halafu mwendo mdogo wa mwisho hadi juu. Jumlisha yote kwa mgandamizo wa kila hatua, utapata lita 600 na zaidi, ambazo ni karibu baa 60 za mtungi huo. Zile baa 50 unazoambiwa ubaki nazo hazikutungwa ili usirudishe mtungi mtupu. Ni hewa ya mwenzako. Kwa kina kile, ulipoiona 60 mbizi ilikuwa imekwisha tayari, na kila dakika ya kunyamaza iliondoa baa nyingine 5 na nusu.

Sasa aibu. Kuna sheria katika mchezo huu inayofundishwa na mashirika yote makubwa: mtu yeyote anaweza kuikatisha mbizi yoyote, wakati wowote, bila kutoa sababu, na hakuna anayeruhusiwa kumlaumu. Kidole gumba juu maana yake tunapanda, na jibu lake ni kidole gumba juu. Isitoshe, si lazima kundi lote lipande. Muulize kiongozi mapema hufanya nini mtu akimaliza hewa kabla ya wengine. Kuna wanaopandisha jozi hiyo mpaka mita 5, wanarusha boya, wanasubiri waione boti, kisha wanarudi kwa wengine. Kuna wanaomweka mtu kama wewe mita kadhaa juu ya kundi tangu mwanzo. Ukiwa mita 10 wakati wao wako 16, unawaona wote vizuri na unatumia lita 48 kwa dakika badala ya 62. Ila jambo hilo lipangwe botini na mwenza wako awe nawe. Kupanda peke yako kimyakimya ili usiwasumbue watu usifanye kamwe, maana hapo ndipo kundi linakutafuta chini wakati wewe unapeperushwa juu.

Matumizi yako yatashuka yenyewe kadiri unavyopiga mbizi, lakini yapo ya kufanya sasa. Kagua risasi za mkanda wako, yaani vile vipande vya uzito vinavyokuzamisha. Ukiwa juu ya maji, jaketi tupu na pumzi ya kawaida, maji yafike usawa wa macho. Ukizama moja kwa moja, umebebeshwa nyingi. Mtungi wa alumini hupungua uzito kama kilo 2 hewa inapoisha, hivyo hakikisha bado unaweza kutulia mita 5 mwishoni. Risasi za ziada hukulazimisha kujaza jaketi, mwili unasimama wima badala ya kulala, na kila pigo la mapezi linasukuma maji zaidi ya inavyotakiwa. Acha mikono itulie. Toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta. Na tafadhali usimsikilize atakayekwambia ubane pumzi kidogo kati ya vuta na toa ili kuokoa hewa. Kaboni dayoksaidi itajikusanya, utapanda na kichwa kinachogonga, na kwa mtu mwenye historia ya pumu sihitaji kueleza tena kwa nini kubana pumzi ni hatari.

Mkipotezana, zunguka taratibu ukitazama pande zote, chini, na juu kwenye viputo, kwa dakika moja tu. Kisha panda kwa kasi ya kawaida. Mwenza aliyefundishwa vizuri naye atakuwa anapanda, na mtakutana juu. Watu huharibu hapa kwa kuendelea kutafuta, au kwa kujiunga na kundi lolote wanaloliona, na Mnemba, ambako boti nyingi hukutana, kundi unalolifuata linaweza kuwa la watu wengine kabisa.

Uliuliza kuhusu kusahauliwa. Imewahi kutokea. Januari 1998 huko Queensland, Australia, wanandoa kutoka Marekani, Tom na Eileen Lonergan, waliachwa kwenye Great Barrier Reef na boti ya kundi ambayo hesabu yake ya watu haikuwa sahihi. Zilipita siku mbili ndipo ikagundulika kwamba hawapo, na hawakupatikana tena. Baada ya hapo masharti ya kuhesabu watu huko yalikazwa. Kumbuka kwamba wao walikuwa wawili. Msafiri wa peke yake hana hata mtu wa kugeuka kwenye benchi na kusema "mwenzangu yuko wapi?" Kwa hiyo mtafute mtu huyo. Mwombe mwenza wako au mtu mmoja wa botini akujue kwa jina na asikubali boti iondoke bila wewe, nawe mfanyie vivyo hivyo. Angalia kama wanaita majina au wanahesabu kwa macho tu. Watu wanahamahama, na hesabu ya macho humhesabu mtu mara mbili. Hapo unapolala waambie unakwenda na nani na mnategemewa kurudi saa ngapi. Piga simu ukirudi.

Kinachotokea mara nyingi zaidi kuliko kusahauliwa ni kuibuka mbali na boti. Kichwa cha mtu kwenye mawimbi ni kitu kidogo sana. Upepo ukiwa umeanza kupasua mawimbi meupe, nahodha anaweza kupita usikutambue. Nunua boya lako la kupuliza, la rangi ya chungwa, refu kuliko wewe ukisimama, pamoja na kamba yake na filimbi. Ni vitu vya bei ndogo ukilinganisha na siku moja ya boti, na usitegemee cha kiongozi, maana cha kiongozi kiko na kiongozi. Jizoeze kulipuliza ukiwa juu kwanza, halafu umwombe mwalimu akufundishe kulirusha kutoka mita 5. Ukishaibuka, jaza jaketi, simamisha boya, baki na miwani usoni na kinywa mdomoni kama kuna mawimbi, usiogelee kuifukuza boti. Mkondo unakuchukua wewe na viputo vya kundi upande mmoja, na nahodha anajua ni upande gani.

Mwezi uliouchagua ni mzuri. Kusi imekwisha, kaskazi haijashika, na mara nyingi bahari ya upande wa Mnemba hutulia. Ila tazama mwezi wa angani kabla ya kukata tiketi. Mwezi mchanga na mwezi mpevu huleta bamvu, maji hujaa na kupwa kwa tofauti kubwa, na mikondo hukaza. Siku za maji mafu ni za upole zaidi kwa mtu wa kiwango chako. Na wakikushawishi kwenda Leven Bank, huko kaskazini ya Nungwi, kwa sababu "leo kuna nafasi," kataa. Ni mwamba wa bahari ya wazi wenye mikondo mikali, na cheti chako kinaishia mita 18.

Kuhusu kumkodi kiongozi binafsi: ningekushauri ufanye hivyo angalau siku ya kwanza, kama mfuko unaruhusu. Umekaa muda bila kuzamia na unaingia maji yenye mkondo. Kuwa na mtu ambaye kazi yake ni wewe peke yako kunafaa zaidi kuliko kununua kompyuta ya kifahari ya kuzamia, ile inayovaliwa mkononi. Bei zinatofautiana sana, kwa hiyo uliza kwa maandishi, na uhakikishe ni kiongozi wako tu, asije akageuka kiongozi wa kundi ambaye wewe unamlipa zaidi. Lakini ana kasoro yake: ukizoea kuongozwa kwa mkono, hujifunzi kusoma geji yako wala njia yako. Ndiyo maana naona njia bora zaidi kwako ni kuitumia safari hii kwa kozi ya Advanced, inayofuata Open Water, baada ya ruhusa ya daktari. Utapata mwalimu na wanafunzi wachache, utajifunza dira na kina hadi mita 30, na baada ya siku mbili au tatu utakuwa mwenza ambaye wengine wangetamani kupangwa naye. Mwombe pia akurudishe kwanza kwenye mazoezi ya msingi, kuondoa maji kwenye miwani na kupeana hewa, kwenye maji mafupi.

Kozi ya kuzamia bila mwenza iache kwa sasa. Mashirika yanayoifundisha hutaka mbizi 100 zilizoandikwa kabla ya kukupokea, na mwanafunzi hubeba chanzo cha pili cha hewa kinachojitegemea. Haikusudiwi kumsaidia mtu aliyepangiwa mwenza mbaya.

Ofisini kwao uliza mambo machache na utazame wanavyojibu. Watu wangapi kwa kiongozi mmoja? Nani anabaki botini wakati wote wako chini? Oksijeni ya dharura iko wapi, na naweza kuiona? Chemba ya mgandamizo, ile ya kutibia wazamiaji, mnayoitegemea iko wapi, na inafanya kazi wakati huu? Anayekuonyesha mtungi wa oksijeni bila kuutafuta amekujibu mengi. Kabla ya kuzama vuta pumzi kadhaa kutoka kwenye mtungi wako. Ukisikia harufu ya mafuta au moshi, ubadilishwe, hata kama kila mtu keshavaa. Kodi kompyuta yako mwenyewe, usitumie ya mwenzako, kwa sababu inapima kina na muda wa mkono uliovaa. Tafuta na bima ya wazamiaji. DAN, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1980, lina tawi linalohudumia Kusini mwa Afrika na nchi jirani, na wana simu ya dharura inayojibiwa na watu wanaojua magonjwa haya.

Imebaki treni. Chini ya maji mwili wako hunyonya naitrojeni kutoka kwenye hewa unayovuta, na hubaki ndani ya damu na misuli kwa saa nyingi baada ya kuibuka. Mgandamizo ukipungua haraka mno, naitrojeni hiyo hutoka kwa viputo, kama soda inapofunguliwa. Ndege ni hatari kwa sababu inakupeleka juu, na treni ya Dodoma nayo inakupeleka juu. Mji wako uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, wakati tahadhari za kuruka baada ya kuzamia zinaanzia kama mita 600. Boti ya Dar haina shida, iko usawa wa bahari. Shida inaanza reli inapopanda baada ya Morogoro. Kwa mtu aliyepiga mbizi kadhaa kwa siku mfululizo, mwongozo ni kusubiri angalau saa 18, na saa 24 ni bora zaidi. Kwa ratiba yako, ungefika Dodoma hata saa 18 hazijatimia.

Sogeza mbizi zako ziwe Ijumaa na Jumamosi. Ukimaliza Jumamosi saa saba mchana, saa 18 zinatimia Jumapili saa moja asubuhi, na treni ya Jumapili usiku itakukuta umepumzika zaidi ya saa 24. Ukipata maumivu ya maungio, ganzi, udhaifu wa mkono au mguu, kizunguzungu, vipele au uchovu usioelezeka wakati wowote baada ya kuzamia, usipande treni na usirudi majini kujitibu. Waite watu wa boti wakupe oksijeni, piga simu ya bima, nenda hospitali, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba ulipiga mbizi, kina gani na lini, maana wengi hawatalifikiria wenyewe. Ukiwa umeshafika Dodoma dalili zikaanza, fanya hivyohivyo usiku uleule.